Omukago wa Baba na Mlima Usioozesha

Alikuwa mtu wa kupiga. Naanza hapo kwa sababu wanaomkumbuka siku hizi huanza na wema wake, na wema wake haukuwa wa kuanzia. Alipiga watu sokoni, alipiga watu kilabuni, alimpiga baba yangu mdogo kila walipokutana, na mimi mwenyewe alinizaba kofi moja ambalo sikio langu la kushoto halijalisahau. Mkitaka kunisemesha, kaeni upande wa kulia.

Jina lake silitaji. Hata alipokuwa hai hatukulitaja. Ijuganyondo nzima ilimwita Omukago, yaani ndugu wa kuchanjia, na kila mtu alijua ni omukago wa nani. Alikuwa wa baba yangu.

Vijana wa leo hawakuyaona mambo haya, na makanisa yaliyapiga vita mpaka yakaisha, kwa hiyo nieleze. Tunda la kahawa lina punje mbili ndani. Marafiki wawili wakitaka kuwa ndugu walichanja ngozi karibu na kitovu, kila mmoja akaipaka punje yake damu yake, akampa mwenzake aimeze. Kisha wakasemeshana. Nikija na njaa unilishe. Nikija nimefukuzwa unifiche. Nikifa unizike, na watoto wangu wawe wako. Ukinisaliti, punje hii ikuvimbie tumboni mpaka ikuue. Ndiyo maana msaliti wa omukago hakutafutiwa ushahidi. Watu walingoja tumbo.

Baba na Omukago walimezeshana kahawa wakiwa vijana, walipokuwa wakichimba bati kule Karagwe. Hukohuko Mzungu mmoja mtafuta mawe aliwapenda, kwa kuwa walibeba mizigo mizito bila kunung'unika, akawachukua wasafiri naye. Vita ya Wazungu ilikuwa imekwisha. Walishuka hadi pwani, wakapanda meli, wakaenda kusini mpaka kusini ikaisha. Walipoondoka nilikuwa naanza kung'oka meno ya utoto. Omukago aliporudi nilikuwa tayari nabeba mtungi wa maji kichwani, na alirudi peke yake.

Nakumbuka alivyosimama uani kwetu. Alikuwa na makovu ya kamba kwenye vifundo vya mikono yote miwili, mekundu bado. Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakusimama.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Nimemwacha mlimani."

"Mlima gani?"

"Wa mwisho wa dunia. Hajaoza."

Mama alishika kisu na ndizi, akangoja. Alikuwa anangoja neno jingine, lile la kumpa ruhusa ya kupiga mayowe. Omukago hakulisema. Alikwenda kukaa mpakani mwa kibanja chetu, shamba letu la migomba, akatupa mgongo, na pale mpakani ndipo alipokaa miaka yote iliyofuata. Nyumbani mwetu hakuingia hata mvua ikinyesha.

Neno lile lilikuwa na uzito, nanyi hamtaelewa ugomvi wote uliofuata nisipolieleza. Kwetu mtu akifia mbali na maiti isipatikane, tulikata shina la mgomba, tukalivika lubugo, nguo ile ya gome la mti tunayozikia, tukalizika kibanjani kama mtu. Lakini shina halizikwi hivihivi. Mtu aliyeiona maiti husimama ukingoni mwa kaburi, akasema kwa kinywa chake: nimemwona, amekufa. Hapo ndipo kilio kinaanza, na kilio kikiisha anatawazwa mrithi. Mama alikuwa amenizaa mimi tu, na mimi ni mwanamke. Mrithi angekuwa baba mdogo, aliyekaa Muleba, na baba mdogo hakuficha nia yake. Kibanja angekichukua yeye, mama angerudi kwa ndugu zake, mimi ningeozwa upesi kwa yeyote atakayekuja. Kwa hiyo migomba yetu yote, kahawa yetu yote, na kitanda tulicholalia vilining'inia kwenye kinywa cha mtu mmoja. Na mtu huyo, kila alipoulizwa, alisema yaleyale. Nimemwacha mlimani. Hajaoza.

Mlima wenyewe aliusimulia vipande vipande, mara nyingi akiwa amelewa rubisi, mara nyingi akiwa na hasira. Nilivikusanya vipande hivyo kwa miaka. Alisema nchi ile yote ni barafu, nyeupe mpaka macho yanatoka machozi, lakini katikati kuna milima iliyo uchi. Hakuna theluji juu yake, hakuna unyasi, hakuna mdudu. Mmoja umesimama peke yake kama jino la mbwa, mweusi juu, chini una michirizi ya kahawia kama gome lililopigwa nyundo. Theluji ikitaka kuuangukia, upepo unailamba kabla haijagusa jiwe. Upepo huo unatupa mawe. Unayachimba mawe makubwa mpaka yanakuwa na mashimo kama mzinga wa nyuki. Alisema walikuta bondeni wanyama wa baharini waliopotea njia zamani, mabibi wa mabibi zetu hawajazaliwa, nao wamelala na ngozi yao na meno yao. Hakuna nzi wa kuwajia. Hakuna harufu.

"Huko mtu hafi akaisha," alikuwa akisema. "Anakaa tu."

Kwa Mhaya hilo ni jambo la kutisha kuliko moto. Sisi tunaishi kwa kuoza. Majani ya mgomba yanaoza chini ya mgomba, samadi inaoza, ndizi zinaoza ndipo zinakuwa rubisi, na mtu anaoza kibanjani kwake, wanawe wanakula hapo. Tangu arudi, Omukago alipenda vitu vilivyooza mpaka watu wakamcheka. Alipenda kuingiza mkono kwenye matandazo, akachota ule uozo mweusi na minyoo yake, akaunusa huku kafumba macho. "Kinachooza kina kwao," alisema. Upepo aliuchukia. Ukianza kuvuma kutoka ziwani aliingia katikati ya migomba akachuchumaa, mtu mzima yule, akaukumbatia mgomba kama mtoto.

Na mtu huyohuyo aliweza kukung'oa meno. Siku moja sokoni Bukoba, nami nilikuwepo na mama, muuza samaki mmoja mwenye mdomo mrefu alimwita mbele ya watu.

"Omukago! Hebu tueleze tena, sijasikia vizuri. Nchi yote barafu, mlima hauna barafu?"

"Ndiyo."

"Barafu imekwenda wapi?"

"Imeliwa na upepo."

"Waitu! Upepo unakula barafu! Una meno ya nani?"

"Yako," Omukago akasema, akampiga ngumi ya mdomo. Yalitoka mawili, yakaangukia kwenye sato. Watu walipomzunguka alirarua shati lake mwenyewe, akapanda juu ya kreti, akajipiga tumbo kwa viganja hadi likalia kama ngoma.

"Tazameni! Nani anaona uvimbe? Njoo upime! Ningekuwa nimemuua omukago wangu, tumbo hili lingefika nyumbani kabla yangu!"

Na kweli lilikuwa bapa kama ubao. Alifanya hivyo kila penye watu, kanisani nje, kwenye mnada wa kahawa, mpaka mama akawa anamshonea mashati ya kitambaa cha bei rahisi, kwa kuwa hayakudumu.

Walisema anamtaka mama. Hata kwa hilo alipiga watu, lakini siku hizo mama naye alipiga.

Sasa niseme kuhusu lile shimo. Asubuhi moja ya kiangazi baba mdogo alikuja kutoka Muleba na wanaume wanne. Baba mdogo alikuwa mzee wa kanisa, mwenye koti jeusi na sauti ya kuongoza nyimbo, lakini siku hiyo alibeba jembe. Walichimba kaburi kati ya nyumba yetu na shina la zamani kabisa la mgomba, pale alipozikwa babu. Wakaangusha mgomba, wakakata shina urefu wa baba yangu, wakalivika lubugo. Likalazwa ukingoni. Mimi nililitazama nikaona miguu.

Wakamwita Omukago. Alikuja na mundu wake wa kupogolea.

Baba mdogo alizungumza kwa upole. "Ndugu yangu, sisi hatuna ugomvi nawe. Sema neno moja tu, tumpumzishe marehemu."

"Nimemwacha mlimani. Hajaoza."

"Sema amekufa."

"Wewe umemwona?"

"Wewe ndiye uliyemwona, mbwa wewe! Sema!"

Omukago aliinua mundu, akaukata ule mgomba uliovikwa. Alikata kichwa, akakata kiuno, akakata miguu, utomvu ukaruka ukamjaa usoni, na wanawake walipiga mayowe kana kwamba ni mtu aliyechinjwa. Wanaume wanne wakamvamia. Walimpiga mateke mpaka akaangukia ndani ya shimo. Alipojaribu kupanda, akashika ukingo kwa mkono wa kulia, mmoja wao akauponda mkono ule kwa mpini wa jembe. Nilisikia vidole vikivunjika, sauti kama ya vijiti vikavu mtu anapowasha moto. Alipanda kwa mkono wa kushoto, akamrukia baba mdogo, akamng'ata bega, wakaanguka wote, akainuka akamkanyaga mtulinga, ule mfupa wa bega, ukavunjika. Mama alisimama mlangoni ameshika mchi, hakumpiga mtu. Mimi nilijikojolea.

Waliondoka na baba mdogo amebebwa. Shimo lilibaki. Kaburi likishachimbwa kwetu halifukiwi tupu, ni kumwita mtu mwingine wa nyumba hiyo. Mama alilizungushia vijiti, nasi tukaishi nalo. Liliingia majani, liliingia vyura. Wakati wa masika lilijaa maji, na usiku tuliwasikia wakiimba mle ndani.

Kesi ilipelekwa barazani kwa mkungu, mkuu wa eneo letu enzi hizo za Mwingereza na wafalme wetu chini yake. Omukago alichapwa kiboko kwa kumvunja mtu mtulinga. Alilala chini mwenyewe bila kushikwa. Kisha ikaja hoja ya mlima. Baba mdogo, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, alisimama.

"Mkungu, nimekwenda misheni nikauliza. Nimeambiwa nchi ile ya kusini ni barafu tupu, mtu haoni hata jiwe. Mlima wa mawe makavu hauko. Huyu amemuua ndugu yangu njiani, akatunga mlima."

Mkungu alimgeukia Omukago. "Unasemaje?"

"Waliokuambia wamefika?"

"Jibu swali."

"Nimemwacha mlimani. Hajaoza."

Mkungu alifikiri sana, huku akitafuna kahawa yake. Alikuwa mtu wa haki kwa kipimo cha siku zile. Alimwamuru Omukago avue shati, akalibonyeza tumbo lake kwa mkono wake mwenyewe, huku na huku, kama mwanamke anayechagua papai. Kisha akasema: "Hawa walimeza kahawa. Kama amemuua, tumbo litasema. Kama hakumuua, hatuwezi kumlazimisha kuzika. Tungoje tumbo."

Baraza zima likakubali. Mnaweza kucheka. Lakini tangu siku hiyo macho ya watu wote wa Ijuganyondo hadi Muleba yalikuwa kwenye tumbo la mtu mmoja. Akila sana walihesabu. Akivaa shati pana walinong'ona. Na kwa kuwa tumbo halikuvimba, mama aliendelea kulala kitandani mwake, nami nikakua.

Kofi langu nalo nilisimulie. Tulikuwa kisimani, wasichana, tukibishana nani baba yake ana nguvu. Mmoja akaniuliza wangu. Nikasema, "Mniache, baba yangu amekufa, kila mtu anajua." Sikujua kwamba Omukago yuko nyuma anakata nyasi. Kofi lilinifikisha chini, mtungi ukapasuka, damu ikatoka sikioni.

"Wewe umemwona?" alisema. "Umemwona?"

Mama aliposikia alikuja mbio na mchi akampiga mgongoni. Alimpiga mpaka akachoka yeye. Omukago alisimama tu, ameshika nyasi zake, kama ng'ombe anayenyeshewa. Baadaye kila asubuhi kwa muda mrefu nilikuta maji mlangoni kwetu, mtungi mpya, umejaa. Maji nilikunywa. Kofi sijamsamehe, na hakuniomba.

Alikuwa hivyo. Kuku hakuweza kumchinja, alimpelekea jirani. Alipogoa migomba yetu kwa mkono wa kushoto, vidole vya kulia vikiwa vimepinda kama mizizi, na hakuchukua mkungu hata mmoja wa ndizi bila mama kumkatia. Nilipoozwa Kamachumu alinisindikiza hadi mwisho wa njia ya magari, akamwambia mume wangu, "Ukimpiga, nitakuja." Mume wangu alinipiga. Omukago alikuja. Ndoa ile iliishia hapo, nami nikarudi nyumbani, na hayo ni mengine.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza, watu wakizungumza uhuru kila kona ya Bilele pale mjini, Omukago alipoanza kuvaa koti. Lilikuwa koti kubwa la askari, la joto, na alilivaa juani. Aliacha kwenda sokoni. Aliacha kurarua mashati. Mama ndiye aliyenong'ona kwanza: "Mbona hainami tena kwenye matandazo?" Siku moja kilabuni walevi walimshika kwa mzaha, wakalifungua lile koti.

Tumbo lilikuwa limejaa kama mtungi, ngozi inang'aa, kitovu kimetoka nje.

Hakuna aliyempiga. Walimwacha pale wakakimbia. Habari zilifika Muleba kabla ya jua kuzama, na kesho yake baba mdogo alikuwa mlangoni kwa Omukago, amezeeka naye, bega moja limeshuka, akakaa kwenye kigoda akangoja. Alikuja na wanaume na kamba. Mtu aliyeuawa na kahawa ya omukago hakuzikwa. Alifungwa kamba mguuni, akaburutwa hadi kwenye mafunjo ya bondeni, akaachwa huko. Baba mdogo alimwambia kupitia ukuta wa nyasi, kwa ile sauti yake ya kanisani: "Sema neno, nasi tutakuzika kama mtu. Usiposema, mafunjo yapo."

Nilikwenda mchana, nikampita baba mdogo bila kumwamkia, nikaingia. Omukago alikuwa amelala kwenye nyasi kavu, tumbo limesimama juu yake kama kilima. Macho yalikuwa ya njano. Nilimpa uji, akanywa kidogo.

"Kaa upande ambao unasikia," alisema. Alikumbuka.

Nikakaa.

"Baba yako alianguka na mzigo. Upepo ulimtoa kwenye jiwe kama unavyotoa jani. Nyonga ilivunjika. Alikaa siku mbili akizungumza nami, akitukana upepo, kisha akafa. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Mkono huu." Alinionyesha ule uliopinda. "Nilitaka kumbeba. Bwana, yule Mzungu, akasema mizigo imezidi, bahari inafunga, meli haingoji. Walikuwa na magunia ya mawe, mwanangu. Nilisema tupeni mawe, nitabeba mtu. Akakataa. Nikampiga bwana kwa nyundo yake. Wakanifunga kamba, wakanipakia. Mawe yalirudi. Baba yako hakurudi."

Nje baba mdogo alikohoa.

"Huko hakuna udongo," Omukago akaendelea, sasa kwa sauti ya chini kabisa. "Nilimpangia mawe kabla hawajanifunga. Amekaa kiunoni mwa mlima, anatazama chini. Tulipofika aliniuliza, mlima huu ni wa nani? Nikamwambia hauna mwenyewe, hauna kaburi hata moja. Alicheka. Sasa unaye."

Nilimwuliza kile nilichotaka kumwuliza tangu mtoto. "Kwa nini hukusema?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mpumbavu, kisha akaangalia mlango, kule alikokaa baba mdogo, kisha akaangalia paa.

"Na tumbo?" nikasema.

Hapo ndipo nilipomwona akiogopa, mara moja tu maishani. "Labda ni rubisi," alisema. "Labda ni yeye ananidai. Nilimmezea kahawa kwamba nitamzika kwetu. Sikudanganya mtu, mwanangu. Nimesema yaliyo kweli tu. Lakini kumzika sikumzika."

Baba mdogo aliingia bila kubisha. Aliinama juu yake. "Unakwenda. Sema sasa. Ndugu yangu amekufa?"

Omukago alivuta pumzi ndefu. Mkono wa kushoto ulipanda polepole, nami nilidhani anataka kumshika mkono kwa maagano, na baba mdogo naye alidhani hivyo, kwa kuwa alikaribia zaidi. Alimpiga kofi. Halikuwa na nguvu, lakini lilisikika.

"Nimemwacha mlimani," alisema. "Hajaoza."

Jua halijainama alikuwa amekata roho.

Baba mdogo alinigeukia mimi, shavu lake likiwa na alama ya vidole. "Wewe umekaa naye. Amekuambia nini?"

"Kwamba baba yuko mlimani."

"Amekufa au hajafa?"

Nilikuwa na neno lenyewe mdomoni. Lingemaliza kila kitu, vilio vyote vya mama vilivyokwama tangu siku ile ya kumenya ndizi. Mama alikuwa uani kwetu, anaanika kahawa juani.

"Mimi sikumwona," nikasema.

Akawaita wale wenye kamba. Mundu wa Omukago ulikuwa umechomekwa kwenye nyasi za paa. Niliuchomoa, nikasimama mlangoni, na wa kwanza alipoingiza kichwa nilimchapa kwa bapa la chuma, akarudi nyuma ameshika uso. Wa pili nilimkata begani, si sana, lakini damu ilitoka. Baba mdogo akanishika nywele. Nikampiga kwa mpini kwenye mtulinga uleule. Nilisikia, nikaujua ule mlio. Sijawahi kumpiga mtu kabla ya hapo wala baada yake, wanangu nawachapa lakini hiyo si kupiga, na nasema wazi kwamba siku ile mkono wangu haukuwa mgeni na kazi hiyo.

Walirudi nyuma. Nilimwita mama. Alikuja na lubugo ambalo sikujua kama analo, amelihifadhi miaka yote sandukuni, tulimvika, tukamweka juu ya mkeka, tukamburuta wenyewe, wanawake wawili na tumbo lile zito, kuvuka mpaka alioukalia miaka yote. Tulitoa vijiti. Tulitoa majani na vyura. Mkungu alifika tukiwa tunafukia, pumzi zimemwishia.

"Kwa haki gani mnamzika huyu hapa?"

"Kaburi lilikuwa wazi," mama alisema. "Limengoja mtu miaka mingi. Ungetaka nifukie nani?"

Mkungu alitazama kaburi, akamtazama baba mdogo anayelia kwa uchungu wa mfupa chini ya mgomba. Alitema kahawa yake. Akasema kaburi likijaa limejaa. Akaondoka.

Ndipo mama alipopiga mayowe. Alilia siku hiyo na usiku na kesho yake, na watu walishangaa kwamba anamlilia Omukago kiasi kile. Niliwaacha washangae.

Baba mdogo hakuchimba lingine. Alikufa Muleba, akazikwa vizuri na kwaya. Mkungu hayupo, mama hayupo, na sheria ya leo ni nyingine, ndiyo maana nayaandika. Kibanja ni hiki ninachokalia. Migomba iliyo juu ya Omukago ndiyo inayozaa mikungu mikubwa kuliko yote, wageni wakija nawakatia hapo.

Wajukuu wangu wamesoma. Wananiambia mlima ule uko kweli, wameuona kwenye vitabu, mkavu, peke yake kwenye barafu, na hakuna mtu anayeumiliki. Nawaambia una mwenyewe. Wananiuliza basi baba yangu alikufa lini. Nawauliza, ninyi mlimwona? Wanacheka, na mkono unaniwasha.